Acha Amalizie Kazi

Kithai Ishaka Mbaruku alikiokota sokoni. Alitoka Tanga akiwa kijana, akaenda Tunduru wakati yakuti zilipovuma, na alipoona kwamba mawe mazuri yote yanaishia mikononi mwa wanunuzi wa Kithai, akayafuata huko yalikokwenda. Akafika Chanthaburi, mji wa mashariki mwa Thailand wenye mtaa mzima wa wauza vito, akakaa miaka kumi na minne. Alijifunza kubembeleza bei, akajifunza kukataa bila kutamka hapana, na mwishowe hata ndoto zake zikawa na maneno ya Kithai. Biashara ilipodorora akamfuata mkewe, Mwanamize, Mzanzibari aliyekuwa keshatangulia kwa kaka yake Birmingham.

Birmingham nayo ina mtaa wa masonara, na Ishaka alichambua mawe pale hadi macho yalipoanza kumsaliti. Ndipo akaingia kwenye ukalimani. Watu walishangaa kila mara: wameomba mkalimani wa Kithai, anaingia Mswahili wa miaka hamsini na ushei, mvi kidevuni, koti limemzidi. Akishafungua mdomo mshangao ulikwisha.

Katika mafunzo, mwalimu aliwauliza ile tabia ya Waingereza ya kusema jambo huku wakikusudia kinyume chake, kila mmoja kwa lugha yake wanaiitaje. Kwa Kiswahili Ishaka hakutafuta mbali: kinaya. Kwenye Kithai alihangaika. Kamusi ilimpa sentensi nzima badala ya neno. Neno walilo nalo Wathai wenyewe ni prachot, lakini hilo lina uchungu ndani yake. Mtu akiudhika, anasema kinyume cha anachotaka ili abembelezwe. Mke aliyengoja na chakula mpaka kikapoa atamwambia mumewe kwenye simu, usije kabisa, kaa hukohuko. Na ole wake mume atakayekaa hukohuko. Ishaka aliandika kwamba kwa Kiswahili hiyo iko jirani na kususa. Aliandika pia kwamba Mwingereza husema kinaya akiwa amependa au amechoka, Mthai husema prachot akiwa ameumia, na mkalimani asiyeijua tofauti hiyo ataharibu nyumba ya watu. Mwalimu alilisoma jibu lake mbele ya darasa.

Kwa hiyo hakuweza kusema baadaye kwamba hakujua.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili. Alipangiwa saa sita mchana hospitalini, wodi ya wagonjwa wa kifua, kisha saa nane awe kwenye shule moja Handsworth. Mgonjwa aliitwa Bwana Yarrow, mzaliwa wa Birmingham, fundi mitambo. Kiwanda kilimpeleka Rayong kwa miezi sita, akakaa zaidi ya miaka ishirini. Huko alimwoa Wilaiwan, mpishi wa kantini. Mapafu yalipoanza kumwishia walirudi kwa ajili ya matibabu, wakapanga fleti Ladywood, ghorofa ya tisa.

Wao wawili hawakuhitaji mkalimani. Walikuwa na lugha yao, Kithai kibovu cha mume kikichanganyika na Kiingereza cha jikoni cha mke, na kwa lugha hiyo waligombana, wakapatana, wakataniana. Ishaka aliitwa kwa sababu ya daktari, maana siku hiyo kulikuwa na mazungumzo mazito.

Wilaiwan alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda kwa siku nne. Alijifunika shali ya mumewe na nywele zake zilikuwa zimelalia upande mmoja. Ishaka alipomsalimu, mabega yake yalishuka.

“Unasema kama watu wa Chanthaburi,” alimwambia.

Ishaka alisema ndiyo, aliishi huko, akaachia hapo, kwa sababu mkalimani hatakiwi kufanya urafiki na mtu wa upande wowote. Lakini aliona jinsi mwanamke yule alivyokigeuza kiti chake kumwelekea, kama mtu aliyepata ndugu ugenini. Tangu hapo alikuwa tayari kuamini kila neno litakalotoka mdomoni mwa Ishaka.

Daktari aliitwa Nasreen, mwanamke wa makamo aliyezaliwa na kukulia mji uleule. Alivuta kiti akazungumza taratibu. Mapafu hayatarudi. Wanaweza kumpunguzia tabu, hawawezi kumponya. Ishaka alitafsiri kila sentensi, na Wilaiwan aliitikia kila mara kwa kichwa, kama anayepokea vyombo kimoja kimoja. Kisha daktari akamuuliza Bwana Yarrow: ikifika mahali hawezi tena kusema, angependa nani aseme kwa niaba yake?

Bwana Yarrow alikuwa amevaa barakoa ya oksijeni iliyofunika pua na mdomo. Sauti yake ilitoka kwa mbali. Alitazama dari.

“Nani mwingine?” alisema. “Miaka ishirini na mbili ananitia shida tu. Acha amalizie kazi.”

Daktari Nasreen alitabasamu, akainama kuandika. Alikuwa amezisikia sauti za namna hiyo tangu utotoni; alijua jinsi mzee wa Birmingham anavyosema kwamba anapenda bila kukamatwa akisema. Ishaka naye alisikia. Tena alisimama ubavuni, na pembeni mwa barakoa aliona upande mmoja wa mdomo wa mgonjwa umepinda kwa kicheko. Wilaiwan alikuwa amekaa upande wa pili.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi. Mwezi mmoja kabla, Rikesh, aliyekuwa akigawa kazi kwenye kampuni ya wakalimani, alimpigia simu kumwambia kuwa daktari mmoja amelalamika: mkalimani anaongeza maneno yake. Sema kilichosemwa, alimwambia, basi. Ishaka alilikumbuka onyo hilo, akakumbuka na basi la kwenda Handsworth. Akageuka, na kwa Kithai safi, kwa sauti ileile kavu aliyotolea habari za mapafu, akasema:

“Nani mwingine? Miaka ishirini na mbili umenitia shida tu. Sasa malizia kazi.”

Kwa Kithai maneno yale yalitoka kama hukumu. Wilaiwan alimtazama mumewe usoni. Palikuwa na plastiki, ukungu wa pumzi, na macho yaliyofumbwa kwa uchovu. Kama mumewe angeyasema mwenyewe, kwa kile Kithai chake kilichopinda, angemcheka na kumpiga kibao cha begani. Lakini yalimjia yamenyooka, kutoka kwa mtu aliyesema kama watu wa kwao.

Alilainisha shuka mara mbili kwa kiganja.

“Basi nirudi nyumbani,” alisema polepole, sauti ikizama kwenye mvumo wa oksijeni. “Nisiendelee kukutia shida. Pumzika vizuri, mimi nisiwepo.”

Na hilo pia Ishaka alilisikia. Hakuna mtu wa Rayong wala Chanthaburi ambaye angelisikia akakosa kujibu, la, usiende. Hata pale Tanga kwao mtoto mdogo angejua kwamba mama huyu amesusa na anangoja kushikwa mkono. Ishaka alimgeukia mgonjwa akasema kwa Kiingereza kwamba mkewe atarudi nyumbani ili yeye mgonjwa apumzike vizuri.

Bwana Yarrow alifumbua macho akamtazama mkewe. Macho yake yalikuwa na huruma tupu. Siku nne alimwona akisinzia kwenye kiti kile, shingo imening'inia.

“Sawasawa,” alisema. “Aende akalale kwenye kitanda cha maana. Na mimi angalau nitasikiliza mpira kwa amani.”

“Sawa, nenda ukalale,” Ishaka alitafsiri. “Na mimi nitasikiliza mpira kwa amani.”

Wilaiwan aliinama akaziweka sawa ndara za mumewe chini ya kitanda, zote mbili zikielekea mlangoni. Akachukua mkoba. Akakutanisha viganja mbele ya uso kumuaga daktari, kisha Ishaka, akatoka. Bwana Yarrow alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye korido. Yote hayo hayakuchukua dakika tano.

Daktari alimuuliza Ishaka kama yule mama yuko sawa. Ishaka akajibu kwamba amechoka tu. Siku nzima hayo ndiyo maneno pekee aliyoyaongeza mwenyewe.

Kwenye basi la Soho Road moyo ulimsumbua vituo vitatu vinne. Angeweza kushuka akarudi. Angeweza kupiga simu wodini. Akajiambia kwamba mke na mume hawakosi njia. Kesho atakuja, mzee atatoa barakoa ale kidogo, watayamaliza kwa lugha yao. Akafika shuleni kabla ya wakati, akasifiwa kwa hilo.

Ijumaa simu yake ililia na kazi nyingine: hospitali ileile, ofisi ya chini wanakoshughulikia vyeti vya waliofariki. Alipolisoma jina la Yarrow alikaa kwenye ngazi za nyumba yake, kofia mkononi, mpaka Mwanamize akamuuliza kama amesahau kitu.

Bwana Yarrow alifariki Jumatano saa nne kasorobo asubuhi. Muuguzi aliyekuwa naye alisema aliondoka kwa utulivu, na kwamba kabla ya hapo aliulizia mara mbili kama mkewe amepata usingizi. Karani aliyasoma hayo kwenye faili kwa nia njema, na Ishaka akayatafsiri. Wilaiwan, amevaa nguo nyeusi za kuazima zilizompwaya, aliitikia kwa kichwa kama siku ile. Alijibu maswali yote, jina la marehemu, mwaka wa kuzaliwa, kazi aliyofanya. Kisha akatia sahihi.

Walipotoka koridoni akamsimamisha.

“Siku ile alisema niende?”

“Alisema uende,” Ishaka akajibu.

“Kwa maneno yaleyale?”

“Maneno yaleyale.”

Hakuna alipodanganya. Wilaiwan alikutanisha viganja kumshukuru, akaenda kusubiri lifti, na Ishaka akabaki amesimama huku watu wakimpita kushoto na kulia.

Usiku ule hakugusa chakula. Mwanamize aliitazama sahani, akamtazama yeye, akasema kumbe siku hizi samaki hupikwa watazamwe. Mwanamize alikulia kwenye nyumba ambayo mawifi walisemezana kwa mafumbo asubuhi mpaka jioni. Kwake kijembe ni kama chumvi. Lakini Ishaka alipoanza kusimulia, aliviacha vijembe vyote. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

Ishaka alimweleza kuhusu onyo la Rikesh, na kanuni za kazi, na ugumu wa neno lenyewe, jinsi kinaya cha Kiingereza kisivyoingia kwenye Kithai.

“Ungesema anatania,” Mwanamize alisema. “Neno moja tu, Baba Zainab. Huyu anatania, na huyu kasusa. Lipi kati ya hayo lilikuwa gumu?”

Ishaka aliisogeza sahani kando. Maneno yote mawili alikuwa nayo tangu utotoni, na siku ile alikuwa ameyaweka moyoni kwa Kiswahili, yakakaa humohumo.

Mwanamize akauliza kama yule mama anajua sasa kwamba mumewe alikuwa akimtania. Ishaka akasema hajui.

“Basi hata sasa hivi, tunavyozungumza, anaamini alifukuzwa.”

Jumamosi asubuhi Ishaka alimpigia Rikesh. Hakutaka kulaumu, alitaka kusikia tena kwamba kanuni ilimfunga mikono. Rikesh alishangaa. Alisema mkalimani anaruhusiwa siku zote kunyanyua mkono na kusimamisha mazungumzo, akaeleza wazi kwa pande zote mbili kwamba hapa maneno yamebeba kitu kingine. Kosa la Ishaka la mwezi uliopita lilikuwa kumnong'oneza mgonjwa bila daktari kujua, basi. Nilidhani unafahamu, bwana Ishaka, alisema kwa upole, imo kwenye ukurasa wa pili wa kanuni. Ishaka akamshukuru, akakata simu. Ile nguzo aliyokuwa ameiegemea nayo ikaanguka.

Jumapili Mwanamize alioka mkate wa kumimina, akaufunga kwenye kitambaa, akasema wanakwenda kumhani mfiwa. Ishaka alisema kazi yake hairuhusu. Mkewe akamjibu kwamba yeye Mwanamize hana kazi yoyote inayomkataza kutoa pole, na kwamba atahitaji mkalimani.

Wilaiwan aliwafungulia mlango akiwa amevaa shali ileile. Fleti ilikuwa ndogo na safi. Juu ya kabati palikuwa na picha ya Bwana Yarrow akiwa kijana kwenye ukumbi wa kiwanda, na mbele yake kisahani cha wali na kikombe cha chai ya maziwa. Mwanamize aliishika mikono ya mwenyeji wake yote miwili, akasema pole, pole sana dada yangu, akaendelea kuishika. Ishaka alianza kutafsiri, Wilaiwan akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hilo amelielewa.

Walipoketi, Ishaka alisema alichokuja kusema. Hakukizungusha. Alimweleza kwamba mumewe siku ile alikuwa anatania, kwamba kwa Waingereza wa umri ule kusema hivyo ni kusema sina mwingine ila wewe. Alimweleza kwamba alipomruhusu aende alikuwa anamhurumia kwa siku nne za kiti, na kwamba hakujua kuwa yeye ameumia, kwa sababu Ishaka hakumwambia. Alisema alipaswa kueleza kwa pande zote mbili na hakueleza. Akaomba radhi kwa Kithai, kwa maneno ya unyenyekevu mkubwa kabisa ambayo lugha ile inayo.

Wilaiwan aliivuta shali mabegani. Chini, barabarani, king'ora kilipita kikaishia mbali.

“Wakati ule ulijua?”

“Nilijua.”

“Yote mawili? La kwake na la kwangu?”

“Yote mawili.”

Basi akawasimulia Jumatano yake, akimtazama zaidi Mwanamize, ingawa Mwanamize alikuwa akingoja tafsiri. Aliamka alfajiri akapika uji wa wali na tangawizi, ule ambao mumewe aliupenda akiwa mgonjwa, akautia kwenye chupa ya chai usipoe. Saa moja alikuwa keshavaa viatu na koti. Kisha akakaa kitini, simu mapajani. Alitaka apigiwe. Alitaka amsikie akisema njoo, kwa kile Kithai chake kibaya, hata mara moja. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Simu ilipolia alicheka kabla ya kuipokea, akajua kashinda. Aliyepiga alikuwa muuguzi.

Ishaka aliyatafsiri hayo kwa mkewe. Mwanamize akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kisha Wilaiwan akamwomba Ishaka jambo moja. Amwambie tena maneno ya mumewe, lakini kwa Kiingereza, na kwa namna alivyoyasema. Ishaka aliona haya, ila hakuwa na haki ya kukataa. Akainua macho darini. Akaifanya sauti ya mzee, ile lafudhi ya Birmingham inayoburuza maneno kuelekea chini, akayasema: nani mwingine, miaka ishirini na mbili ananitia shida tu, acha amalizie kazi. Na bila kukusudia akapinda mdomo upande mmoja.

Wilaiwan alifunika mdomo kwa kiganja akacheka. Alicheka kweli, mabega yakimtikisika, akasema kwa Kiingereza chake cha jikoni, ndiyo, ndiye huyo, mtu mbaya huyo. Kicheko hicho kikageuka kilio, na Mwanamize akahamia kwenye kochi lake akamkumbatia. Ishaka alibaki kwenye kiti chake akiitazama ile chai iliyokuwa ikipoa mbele ya picha.

Walipoaga, Wilaiwan aliwasindikiza hadi kwenye lifti. Alimpa Mwanamize namba yake ya simu kwenye kikaratasi. Kisha akakutanisha viganja mbele ya Ishaka akasema:

“Umetafsiri vizuri sana.”

Mlango wa lifti ukajifunga. Mwanamize akauliza mama yule amesema nini mwishoni, Ishaka akamwambia.

“Kasema kwa moyo mweupe, au kasusa?”

Ishaka alifikiri kutoka ghorofa ya tisa mpaka ya chini. Aliirudia sauti ile kichwani, alivyoyatuliza maneno, alivyomtazama. Miaka kumi na minne sokoni ilimfundisha kumjua muuzaji aliyeridhika na muuzaji aliyeudhika kwa salamu tu.

“Sijui,” alisema.

Bado anafanya kazi ile. Siku hizi hunyanyua mkono, akaomba dakika, akaeleza. Madaktari wengine humwona mzito na hawamwombi tena. Mwezi wa tano alikutana na Daktari Nasreen kwenye wodi ileile, naye akamwambia kwamba Bi Yarrow amerudi Rayong na majivu ya mumewe, wiki mbili zilizopita. Ishaka alisema ahsante kwa habari. Kile kikaratasi chenye namba Mwanamize alikuwa amempa Ishaka akitunze, tangu siku ile ya kuhani, na kila Jumapili Ishaka alikuwa akisema atampigia Wilaiwan.